Ndoo ya Maji Kwenye Kona ya Nzilo

Fundi hakuwahi kuniuliza gari langu linaumwa wapi. Mafundi wengine wote wa Kolwezi walikuuliza: linapiga kelele upande gani, limeanza lini, umelifanya nini. Yeye alikuambia tu uende ukalipakie. Kama kazi yako ni kubeba unga, pakia unga. Kama ni kubeba watu, lete watu, na kuku wao, na magodoro yao juu ya paa. Ukirudi hivyo, alijaza ndoo maji mpaka ukingoni, akapanda nyuma pamoja na abiria, akaiweka ndoo katikati ya miguu yake, akasema neno moja: "Tembeza."

Nakwambia, hakuna mtihani uliowahi kunitoa jasho kama ule. Yule mtu hakuangalia barabara hata kidogo. Aliangalia maji. Mkirudi, alishuka, akaingiza kidole ndani ya ndoo kupima maji yamepungua kiasi gani, kisha akatazama suruali yake imelowa upande upi. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, magoti. Akishamaliza kuisoma suruali alijua gari lako kuliko wewe uliyelilalia chini miaka kumi.

"Motokari yenye haina muzigo inasemaka bongo," alitufundisha sisi madereva. Gari tupu lilikuwa mwongo machoni pake, na dereva anayelisifu gari tupu alikuwa mwongo wa pili.

Kazi iliyompa jina ilikuwa bare. Wasiojua magari niwaeleze: ni chuma kirefu kinachopita chini ya gari, kimeshikana na gurudumu la kulia na la kushoto, ili ukiingia kwenye kona gari lisilale upande mmoja. Magari ya jipu ya zamani yalikuja na bare nyembamba kama kidole cha mwisho, na mengine hayakuwa nayo kabisa. Watu waliyapakia mpaka yakawa marefu kama nyumba, halafu wakashangaa yanaanguka. Fundi alitoa ile bare nyembamba, akaweka nyingine aliyoifua mwenyewe, nene kama kidole gumba. Tofauti ni hiyo tu, kidole cha mwisho na kidole gumba. Lakini alikuwa akisema kwamba kwa chuma, unene kidogo huleta nguvu nyingi, na ndiyo maana mtu asicheze nao.

Mimi nilikuwa dereva wa dispensari ya masista. Kazi yangu ilikuwa kwenda upande wa Nzilo, vijijini na kwenye kambi ya watu wa bwawa, kuwachukua akina mama wanaoshindwa kujifungua na kuwaleta hospitalini Kolwezi. Barabara ile ni ya udongo mwekundu. Kabla ya kufika mto Lualaba inateremka, halafu inakata ghafla kushoto, na upande wa kulia ni korongo. Mwaka mmoja wakati wa mvua nililaza jipu kwenye kona ile. Hatukuingia korongoni, Mungu ni mkubwa, tulilala pembeni kama ng'ombe aliyechoka. Sista aliyekuwa nami alivunjika mkono. Mama tuliyembeba alijifungulia palepale, kwenye majani, na mtoto akaishi, lakini mimi mikono yangu haikuwa mizima tena tangu siku hiyo. Nilikuwa nikifika kwenye kona naanza kutetemeka. Sista mkubwa aliniita akaniambia kwa upole kwamba jipu likianguka mara nyingine, safari za Nzilo zitasimama. Na zikisimama, wale akina mama wangekuja hospitalini na nini? Kwa miguu? Ndilo jambo lililonipeleka Musonoi, mtaa wa mgodini, kwa Fundi, si mapenzi ya vyuma.

Garaji yake ilikuwa ua wa nyumba yake, nyuma ya safu ya nyumba za wachimbaji, na ukisimama hapo uliona ngazi za mgodi zikishuka chini, moja baada ya nyingine, mpaka macho yanachoka. Saa ya baruti, kila sahani ya Musonoi ililia kabatini. Fundi alikuwa akiondoa mikono yake juu ya chuma dakika chache kabla, akasubiri mlipuko upite na vumbi litue, ndipo akarudi kazini. Nilimuuliza anaogopa nini. Akanijibu kwamba chuma nacho kinasikia, na kisifuliwe wakati kimeshtuka. Nilicheka. Siku hizi sicheki.

Maana nilimwona akichagua chuma. Bare zake alizifua kwa fimbo za kutobolea mawe, zile ambazo mashine za mgodini huzipigilia mwambani mpaka zinachakaa na kutupwa. Ni chuma kigumu ajabu, kina tundu jembamba katikati, kama bomba. Alizining'iniza moja moja kwa waya, akagonga kwa kijiko cha kulia, na akaweka sikio karibu. Kijiko cha bukari, yaani ugali, bwana, si nyundo. Siku ile zilikuwa fimbo kumi. Tisa alizitupa pembeni. Kati ya zile tisa kulikuwa na moja nzuri, imenyooka, haina kutu, nami nikaipeleka kwa mhunzi jirani ili nimuaibishe mzee. Mhunzi aliitia motoni, akaanza kuikunja, ikapasuka vipande viwili mikononi mwake. Nilirudi na vile vipande nyuma ya mgongo. Fundi hakuniuliza nimeficha nini.

Kufua alifua ndani, mlango umefungwa, hata joto likiwa la kuua. Alisema jua linadanganya rangi ya chuma. Chuma kikishakunjwa na kuzimwa kwenye oili chafu ya injini, alikirudisha juu ya makaa na kukitazama kikibadilika: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu kama zambarau, halafu bluu. Kwenye ile bluu alikitoa. Ukimsemesha wakati huo hakusikii. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya chumba kile chenye giza, jasho linanitiririka, na nilijiona kama niko kanisani wakati wa kuinuliwa hostia. Nasema kweli. Sijui neno lingine la kulielezea.

Na zile fimbo hakuziiba. Hilo nalisema kwa sababu enzi zile za Zaïre kila mtu alikuwa na kifungu chake cha kumi na tano cha katiba ya mitaani, jipange mwenyewe, na kila kitu kilichokuwa upande wa ndani wa ukuta wa mgodi kilijua njia ya kutoka. Fundi alipanga mstari langoni na karatasi yake ya ruhusa kwa ajili ya vyuma vilivyotupwa, vyuma ambavyo hata mbwa asingevinusa. Walinzi walimcheka. Siku moja karatasi haikuwa na muhuri, akarudisha fimbo zote ndani, akatembea kurudi nyumbani mikono mitupu. "Nikifunga chuma ya wizi," aliniambia, "siku ile inavunjika nitawaza ni juu ya wizi, sitatafuta kosa yangu." Nililala na maneno hayo siku nyingi.

Sasa mtu huyohuyo, Jumapili baada ya misa, alikuwa akikaa barazani kucheza dame, yaani drafti, kwa vizibo vya bia, na aliiba mchana kweupe. Alikohoa, na ukigeuka, kizibo chako hakipo. Ukimkamata aliapa kwa jina la mama yake. Niliwahi kumwona katekista mzima akisimama kwa hasira na kumwita mwizi mbele ya watoto wake, naye Fundi akapanga vizibo upya kwa utulivu, akakohoa tena. Mimi nadhani alikuwa amebana ukweli wake wote kwenye chuma, na uongo wake wote akauacha kwenye dame. Lakini hayo ni mawazo yangu tu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lilitushangaza zaidi. Fundi hakusafiri kwa gari. Kupanda kwa ajili ya jaribio, alipanda, nyuma, na ndoo yake. Safari, hapana. Kwenda kanisani alikwenda kwa miguu na koti lake la abakosti lililopigwa pasi. Kwenda mjini kutafuta mipira ya bare, kwa miguu. Hata kwa binti yake aliyeolewa na mfanyakazi wa bwawa la Nzilo alikwenda kwa miguu, mara moja kwa mwaka, alfajiri mpaka jua linazama. Sisi madereva tulimpita njiani na majipu aliyoyatengeneza yeye mwenyewe, tukasimama, tukamfungulia mlango. Alitusalimu kila mmoja, akauliza habari za nyumbani, akaendelea kutembea. Wengine walisema ni kiapo cha kwao Kasai. Wengine walisema ni ubahili. Dereva mmoja alisema mganga akikataa dawa yake, ujue kuna kitu. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa chini ya gari langu.

Na ilikuwa dawa kweli. Sitasahau asubuhi aliyonirudishia jipu. Tulipakia kama alivyotaka: mama mmoja mnene kutoka dispensari aliyekubali kujifanya mgonjwa, magunia mawili, kitanda cha machela, madebe ya mafuta juu. Fundi akapanda na ndoo. Tukaenda mpaka Nzilo, kwenye kona yenyewe, maana alisema gari halipimwi mahali ambapo halijawahi kuanguka. Mikono yangu ikaanza kutetemeka kama kawaida. Niliingia kwenye kona. Jipu likainama kidogo kulia, likakaa hapo, likasimama imara kama mtu aliyeegemea ukuta, na tukatoka upande wa pili. Nilisimamisha gari nikalia. Sioni haya kulisema. Nyuma, Fundi alikuwa anaipapasa suruali yake. Ilikuwa imelowa kidogo, goti la kulia tu.

"Njo vile," akasema, akimaanisha ndivyo inavyotakiwa. "Kidogo inabaki."

Nilidhani anajisifu. Ningemsikiliza vizuri siku ile ningejiepusha na mambo mengi.

Kwa sababu dereva ukimpa ujasiri, humpi akili. Pale sokoni Kolwezi, madereva wa majipu tulikuwa na mchezo wetu wa kijinga. Uliweka kofia yako mbele, juu ya dashibodi, kile kibao cha saa za mwendo, ukapita kona ya Nzilo, na shahidi wako aseme kofia imeteleza kiasi gani. Yangu iliteleza shubiri moja. Kulikuwa na jamaa aliyeapa kwamba yake haisogei. Nikarudi kwa Fundi nikamwomba aniongezee bare ya nyuma, nene, iondoe ule mwinamo uliobaki. Alikataa. Nikamsihi, akakataa. Nikamwambia ni kwa ajili ya wagonjwa, akanitazama mpaka nikaangalia chini. Nikaenda kwenye garaji moja ndogo ambayo haipo tena, wakanifungia fimbo ya mgodini nzima nzima, nene kama mpini wa jembe.

Wee! Jipu lilikuwa meza. Kofia haikusogea. Wiki nzima nilikuwa mfalme wa soko. Halafu mvua ilinyesha, nikaitwa kambini Nzilo, nikarudi na mama kijana mwenye mimba yake ya kwanza, na muuguzi mmoja. Kona nikaiona, nikaiingia kwa mwendo wa wiki ile. Gari halikuinama. Halikulia. Halikuniambia kitu chochote. Mara matako yake yakaondoka peke yake, yakateleza kwenye tope, dunia ikazunguka, na tulipotulia tulikuwa tumetazama tulikotoka, gurudumu la nyuma liko hewani juu ya korongo. Nilizima injini. Yule mama alikuwa ananishika shati kwa nyuma na hakupiga kelele, alikuwa ananiita baba tu, polepole, "Tata shofere, tata shofere." Sauti ile ninayo mpaka leo.

Watu wa kijiji walituvuta kwa kamba. Mama alijifungua salama hospitalini saa tisa mchana. Mimi nilikwenda moja kwa moja Musonoi na jipu likiwa bado lina tope, nikasimama mbele ya Fundi. Yeye aliinama akatazama chini ya gari nyuma, akaiona ile bare. Akaleta funguo zake. Aliifungua yote, na kila boliti aliiweka kwenye sahani, zisipotee. Ilimchukua mpaka jua likazama. Alipomaliza aliketi juu ya tairi, akajipangusa mikono, ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine Musonoi nzima.

Alikuwa na kaka yake, dereva wa njia ya Kisenge. Fundi alikuwa bado kijana, anapenda kusifiwa. Akamfulia kaka yake bare mbili, mbele na nyuma, nene kupita zote alizowahi kufua, na jipu likawa halilali hata kidogo. Kaka yake alimsifu kila baa. Alisema anaendesha kama amekaa nyumbani kwenye kiti chake.

"Yaya yangu hakufa juu ya motokari mubaya," Fundi aliniambia. "Alikufa juu ya motokari muzuri sana, na mi njo nilimutengenezea. Motokari ikilala kidogo, inakuambia: shofere, pole pole. Mi nilikata ile sauti. Hakuna mutu alimuambia kintu."

Nikamuuliza, basi, ndiyo maana hasafiri. Akaniambia kwamba akiwa kazini anaangalia maji, na akiangalia maji haoni njia. Bila ndoo ataona njia, na njia zote kwake ni ile ya Kisenge. Kisha akaniamuru niende nikaoshe gari, maana tope la Nzilo linakula chuma.

Tangu siku hiyo sikuweka kofia mbele tena. Na kila nilipoingia kwenye ile kona nilisikiliza. Jipu linainama, linasema, nami ninapunguza. Sikuhesabu akina mama niliowapitisha pale. Masista walihesabu, kwenye kitabu chao. Ninachojua ni kwamba safari hazikusimama, na kwamba wako watu wazima leo, na ndevu zao, waliopita kona ile wakiwa tumboni, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba yuko kwa sababu mzee mmoja wa Musonoi alijua kiasi cha kuacha.

Mara ya mwisho tulipofanya safari pamoja, miguu yake ilikuwa imevimba. Alikuwa ameacha kufua, ameacha hata kwenda kanisani, padri alimletea komunyo nyumbani. Dame alicheza bado, na aliiba bado. Habari ilifika kwamba binti yake wa Nzilo amejifungua mapacha. Kwao mapacha si jambo dogo, babu lazima awaone kwa macho yake na kuwabariki kwa chokaa nyeupe, na siku zilikuwa zinapita. Kutembea hawezi. Binti alituma ujumbe mara mbili kwamba anasubiri, watoto hawatatolewa nje kabla hajafika. Mke wake alinifuata dispensari. Aliniambia mzee ameketi mlangoni tangu juzi, amevaa abakosti, hasemi anakwenda wala hasemi haendi.

Sista mkubwa aliniruhusu, maana siku ile kulikuwa na mgonjwa wa kumchukua huko huko. Nilipofika nilimkuta hivyo alivyosema mke wake, kwenye kiti, mlangoni, na kifurushi cha chokaa mapajani. Nilichota maji, nikajaza ndoo yake ya zamani mpaka ukingoni, nikaibeba mpaka nyuma ya jipu, nikafungua mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo njia pekee niliyojua ya kumheshimu.

Aliitazama ndoo muda mrefu. Akaja akijikokota, akashika mshikio wake, akaiinamisha, na maji yote yakamwagika kwenye mchanga wa ua.

"Leo mi siko ku kazi, Shofere," akasema. "Leo mi niko musafiri." Akazunguka gari, akapanda mbele, pembeni yangu.

Tulitoka Musonoi, tukaupita mji. Alishika kile kishikio cha mbele kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa barabarani, wazi kabisa, hayapepesi. Niliona midomo yake inakwenda, nadhani alikuwa anasali, au anazungumza na kaka yake, sikuuliza. Udongo mwekundu ukaanza. Niliendesha kama nimebeba mayai ya parokia nzima. Mteremko ulipoanza nilijua kona inakuja, nikashusha gia mapema kuliko siku zote, kwa sababu sasa nilikuwa na yeye.

Jipu likaingia. Likainama kidogo kulia, kama siku zote, likanionya, nikapunguza. Hapo nikasikia mlio nisioujua, nikadhani kuna kitu kimelegea chini. Nikageuza kichwa. Fundi alikuwa anakoroma. Mikono ilikuwa imeachia kishikio na kulala juu ya kifurushi cha chokaa, kichwa kimeegemea mlango, mdomo wazi. Kona ya Nzilo ilimpita namna hiyo.

Sikumwamsha mpaka kambini, mbele ya nyumba ya binti yake. Alifungua macho, akatazama huku na huku, akauliza kama kona bado. Nikamwambia tumeiacha nyuma zamani. Mkono wake ukashuka wenyewe ukapapasa suruali, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, magoti. Ilikuwa kavu.

"Nililala," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Kisha akachukua chokaa yake akashuka kwenda kuona watoto.